Nilivyobeba Kanyagio la Cherehani Hadi Embu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa kwetu Githongo hunitazama mguu kwanza, kisha uso, ndipo anisalimie. Wengine wameniomba nikunje suruali waone kama chuma kinaonekana. Hakionekani. Nimesimulia kanisani, nimesimulia kiwandani tukingoja kahawa ipimwe, na kila mara mtu hunikatiza kwa habari za goti la shangazi yake. Basi nimeandika. Anayetaka kujua asome, na anayetaka kukatiza aikatize karatasi.

Kutoka Githongo hadi barabara kuu

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya. Miaka mingi iliyopita nilianguka kutoka kwenye mparachichi, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Kiliunga vibaya kidogo, nikaendelea na maisha, kisha polepole kikaanza kunidai. Ilifika mahali nikikanyaga nasikia mifupa ikisagana ndani.

Mtu mwingine angevumilia. Lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga: kisigino kinashuka, vidole vinapanda, kisigino kinashuka, tangu asubuhi hadi jioni. Kazi yote iko kwenye kifundo. Nilijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, mshono ukawa unarukaruka kama panzi, na akina mama wakaanza kupitisha vitambaa mbele ya kibanda changu wakijifanya hawanioni.

Niliambiwa kuna daktari wa mifupa ambaye hutoka Nairobi na kuona wagonjwa Embu. Niliambiwa pia kwamba njia ni mbili. Ama mifupa ya kifundo iunganishwe kwa skurubu, maumivu yaishe, lakini kisikunje tena maisha yangu yote. Ama niwekewe kifundo cha bandia kinachokunja. Angeamua yeye akiniona. Mimi nilitaka kinachokunja. Fundi asiyekunja kifundo aanze kufuga kuku, na mimi kuku sipatani nao.

Sasa, mteja akija kwangu akitaka koti, humwambia alete koti la zamani nilione, kwa sababu maneno hayashonwi. Nikajiambia, daktari naye ni fundi. Nikimwambia "nakanyaga" atafikiria baiskeli. Nikalifungua kanyagio la cherehani, lile la chuma lenye matundu, nikalitia kwenye gunia.

Mke wangu, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kendi, alinitazama nikilifunga hilo gunia.

"Baba Kendi, watu wanaenda hospitali na blanketi."

"Blanketi Kendi ako nayo. Kanyagio hana."

Kendi ni binti yetu, ameolewa Embu. Mama Kendi hakuweza kuja kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva na ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Alinifungia ndizi za kuchemsha, akaniombea kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde, na Mutwiri jirani yetu akanipakia mbele kwenye pikapu yake iliyojaa ndizi za kuuza Embu.

Kupita Nkubu hadi mlima uliotuchemshia gari

Mutwiri ni mtu mwema, na ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kupita mtu anayemjua bila kusimama. Na anajua watu wote. Kufika Nkubu kulichukua muda ambao mwingine angekuwa Embu anakunywa chai. Kila aliposimama, aliyesalimiwa alichungulia ndani na kuuliza gunia lina nini. Mutwiri aliwajibu kabla sijafungua mdomo: "Ni mguu ya mzee."

Tulipofika kwenye daraja la Nithi alivua kofia na kunyamaza, kama wanavyofanya wengi kwa ajili ya waliokufa pale kwa ajali. Tulipokuwa tunapanda upande wa pili, gari likachemka. Mvuke ukatoka, Mutwiri akatoka, mimi nikabaki nimekaa na kanyagio langu.

Mama mmoja aliyekuwa akilima juu ya barabara aliteremka na mtungi wa maji bila kuitwa. Nyuma yake akaja mzee mwenye koti la suti na gambuti, aliyejitambulisha kuwa mwalimu mstaafu. Nilipomweleza safari yangu alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Chuma mwilini," akasema. "Wewe unatoka upande wa mlima, kwenye radi. Umefikiria hiyo?"

Sikuwa nimeifikiria.

"Radi inapenda chuma. Mvua ikianza, wewe ingia nyumba mapema. Na usishike mtu mkono, utamuua na yeye."

Yule mama alimwambia, "Mwalimu, wacha kuogopesha mgonjwa," akanipa viazi vitamu viwili vya moto kutoka kwenye kikapu chake. Nilivila, vilikuwa vitamu kweli, lakini kila baada ya kumeza nilitazama mawingu. Gari lilipopoa tukaendelea, na hadi tunapita Chuka nilikuwa bado nahesabu miti mirefu iliyoko karibu na nyumba yangu.

Kizuizi cha polisi

Tulipovuka mto Thuchi tukaingia Embu, tulikuta kizuizi. Afande kijana alikagua leseni, akakagua ndizi, kisha akaona gunia miguuni pangu na ncha ya chuma ikichungulia.

"Fungua hiyo."

Nikafungua. Alilitazama kanyagio, akanitazama mimi, akaita mwenzake. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba siku hizo watu walikuwa wakiiba vifuniko vya mitaro ya barabara na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Na ukweli usemwe, kanyagio langu, la chuma, la mraba, lenye matundu, lilifanana sana na kifuniko cha mtaro.

"Mzee, hii ni mali ya serikali."

"Hii ni mali ya cherehani."

"Unaipeleka wapi?"

"Hospitali."

Mutwiri alifunika uso kwa kofia. Nilishuka nikichechemea, nikaliweka kanyagio kwenye lami, nikakalia kreti ya soda waliyokuwa wakiitumia maafande kama kiti, nikaanza kuonyesha. Kisigino chini, vidole juu. Kifundo kiliniuma hadi machozi yakanilengalenga, na nadhani afande alidhani ni ya majuto. Kilichoniokoa ni mama aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara. Alikuja na hindi mkononi, akainama, akalitazama.

"Afande, hiyo ni ya cherehani. Nyanya yangu alikuwa nayo. Tulikuwa tunakanyagia hapo tukicheza, anatuchapa."

Afande alicheka, akanisaidia kunyanyuka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kufupisha suruali za kazi, maana zao huja zote ndefu. Nilimwambia nikipona apite Githongo.

Dallas, nje ya lango

Kendi na mume wake Njeru wanaishi mtaa wa Dallas, mjini Embu. Njeru ni mtu wa Embu, fundi wa mabomba, mpole, anayezungumza kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Walinipokea langoni. Ndani nilisikia harufu ya kuku na chapati. Kendi alichukua gunia, Njeru akanishika mkono aniingize, na mimi nikasimama hapo hapo.

Kwetu, mzazi wa binti hali wala halali nyumbani kwa mkwe kabla hajachinjiwa mbuzi katika boma hilo. Mbuzi wa mahari walikuwa wameletwa Githongo zamani, hakuna deni. Lakini huyu wa kumfungulia mzee mlango hakuwahi kuchinjwa, kwa sababu kwa ajili ya mguu sikuwahi kufika. Mimi nilidhani Njeru ameandaa. Njeru alidhani mgonjwa husamehewa.

"Baba," akasema Kendi, "na huo mguu? Utalala wapi?"

"Mguu ni mgonjwa. Mila si mgonjwa."

Njeru alijikuna kichwa. "Mzee, naweza kimbia bucha sasa hivi. Nilete kilo tatu."

"Nyama ya bucha haina miguu. Nitajuaje ilikuwa mbuzi?"

Majirani walianza kutoka. Mzee mwenye gunia aliyekaa kwenye kiti nje ya lango na kukataa kuingia, watu watafikiri nini? Mmoja alimwambia Njeru alipe tu deni la mzee yaishe. Mwingine alidhani nimekuja kumrudisha Kendi nyumbani, akaanza kunibembeleza kuhusu watoto ambao hawajazaliwa.

Aliyetuokoa ni Mama Wawira, muuza mboga wa upande wa pili wa barabara. Alisema yeye hana undugu na mimi, hajaoa kwangu wala hajaolewa, kwa hivyo nyumba yake haina masharti. Nilivuka kwenda kwake. Kendi naye akavuka na sufuria ya kuku na chapati zilizofunikwa kitambaa, na nikala kila kitu. Nilipomaliza, binti yangu akaniuliza kama mila inaruhusu chapati zake. Nilimwambia mila haikutaja chapati zilizovuka barabara. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikafurahi, kwa sababu tangu nifike alikuwa amekunja uso.

Mbuzi wa Mzee Nyaga

Kesho yake Njeru alimpigia simu mjomba wake, Mzee Nyaga, mfugaji wa huko chini Mbeere. Mzee Nyaga alifika kwa bodaboda, yeye nyuma ya dereva na mbuzi mapajani. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniita muthoni, yaani mkwe, na akamsimamisha mbuzi wima mbele yangu nimwone mwenyewe kwamba ana miguu minne. Nikakubali.

Mbuzi akachinjwa nyuma ya nyumba. Mzee Nyaga alikuwa na kisu kidogo kama cha kumenyea viazi, lakini kilikuwa kinapita kwenye viungo kama mkasi kwenye hariri. Alipofika mguu wa nyuma, pale ambapo mimi siku zote nimeita goti lililogeuka, nilimwona akikata kwa mzunguko na kuachanisha bila kugusa mfupa.

"Hii si goti," akaniambia. "Goti iko juu, imejificha na nyama. Hii ndio kifundo yake. Mbuzi anatembea na kucha, kisigino iko hewani."

Nikamwomba aniachie. Nilikaa nacho kile kiungo mkononi muda mrefu hata Kendi akauliza kama nasali. Ndani palikuwa na mfupa mmoja mdogo, laini, wenye mfereji katikati, wenye umbo la bobini ya uzi. Mfupa wa juu ulikaa juu yake na matuta yaliyoingia kwenye ule mfereji sawasawa. Nikiukunja unateleza, nikiukunjua unateleza, mbele na nyuma tu, hauendi kando. Na juu yake palikuwa na tabaka jeupe lililong'aa, lenye utelezi kuliko sabuni.

Nilielewa kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nimekosa. Nilikuwa nimezoea kuwaza mguu wangu kama kitu kinachouma. Sikuwa nimewahi kuuwaza kama kitu kilichotengenezwa vizuri hivyo. Nilihuzunika kidogo, pale nyuma ya nyumba, na supu ikinukia.

Mzee Nyaga alinipa dawa yake: supu ya miguu, vikombe vitatu kila siku, mafuta ya kifundo yatarudi. Nikanywa. Kisha nikaingia nyumbani kwa mkwe wangu kwa mlango wa mbele, nikala, nikalala. Kitanda kilikuwa kizuri kuliko sofa ya Mama Wawira, ingawa sofa hiyo siwezi kuisema vibaya.

Kwa daktari

Hospitali ilikuwa nje kidogo ya mji. Kendi aliingia nami. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Wanja, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alizitazama picha za eksirei, akaushika mguu wangu, akaukunja taratibu huku akiutazama uso wangu badala ya mguu.

Nilimweleza habari za mbuzi. Hakucheka. Alichora kwenye karatasi: mfupa wa muundi na mfupa mwembamba wa pembeni imeungana kama paa lenye kuta mbili, na ndani ya paa hilo kuna mfupa mmoja unaobembea. Mfupa huo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Ukipanda mlima, vidole vinainuka, upande mpana unaingia na kubana, mguu unakuwa imara. Ukishuka, upande mwembamba ndio unaobaki, kifundo kinalegea.

"Ndio sababu watu wa kwenu huanguka wakishuka," akasema.

Nilimwambia mimi nilianguka kutoka kwenye mti, akasema huko pia ni kushuka.

Tabaka langu jeupe lilikuwa limekwisha. Mfupa ulikuwa unasuguana na mfupa mtupu. Nikauliza kuhusu supu ya Mzee Nyaga. Alisema ni nzuri, lakini supu hufika tumboni. Nikauliza kuhusu radi. Kendi aliinamisha kichwa. Daktari alisema radi haitanitafuta mguuni.

Kisha akauliza, "Kazi yako ni gani, mzee?"

Hapa nataka mnielewe, kwa sababu nyinyi nyote mngejibu vile vile. Kwetu Githongo ukiulizwa kazi na mgeni unasema mkulima. Mwalimu mkuu husema mkulima. Mwenye duka la jumla husema mkulima. Ni heshima, maana yake una shamba, hukurandaranda. Kwa hivyo nilinyoosha mgongo nikasema, "Mkulima. Kahawa."

"Shamba ni tambarare?"

"Githongo? Shamba yangu ukiangusha chungu, unaiokota mtoni."

"Na unabeba mizigo?"

"Gunia ya kahawa kwangu ni kama begi tu. Mpaka kiwandani."

Nilijiona nimejieleza vizuri. Daktari aliweka kalamu chini.

"Basi tutaunganisha mifupa," akasema. "Kifundo cha bandia ni chuma juu, chuma chini, na plastiki ngumu katikati inayoteleza. Ni kitu kizuri, lakini hakipendi gunia. Mtu wa kubeba mzigo mlimani atakilegeza, na tukirudi kukitoa itakuwa kazi kubwa. Mifupa ikiunganishwa, utabeba chochote bila maumivu."

"Na itakunja?"

"Hapana. Haitakunja tena."

Nilikiona kibanda changu kimefungwa, cherehani imefunikwa gunia, na mimi nimekaa mlangoni nikitazama wanafunzi wakipita na sare zilizoshonwa na mtu mwingine. Ni Kendi aliyesimama, akaenda kwenye kona tulikoacha gunia, akaliburuta hadi mbele ya meza.

"Daktari, babangu ni fundi wa nguo. Hiyo kahawa ni ya mamangu."

"Kahawa ni yetu," nikasema.

"Sawa, ni yetu. Lakini nani anabeba?"

Basi binti yangu, ambaye nilimlea mwenyewe na kumsomesha, akatoa simu, akampigia mama yake, akaiweka sauti nje.

"Mama, daktari anauliza nani anabebanga kahawa kiwandani."

Tulisikia jogoo kwanza, kisha sauti ya Mama Kendi, wazi kama kengele. "Kwani amesema nani? Gunia nimebeba mimi tangu tuoane. Yeye hubeba ile redio. Mwambie daktari aulize kitu ingine."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni alitoka nje haraka. Daktari Wanja alijikaza, akashindwa, akacheka hadi akavua miwani. Halafu akalitoa kanyagio mwenyewe, akaliweka sakafuni na kuliinua upande mmoja kwa kitabu. Aliniambia nikanyage kwa mguu mzima, ule wa kushoto. Alipiga magoti na kipimo chake cha pembe, akanipima kifundo kikiwa juu, akanipima kikiwa chini, akarudia. Nilikanyaga kama sijawahi kukanyaga.

Aliponyanyuka alikuwa mtu mwingine, au labda mimi ndiye niliyekuwa mwingine.

"Mzee, kazi yako inataka kukunja mara nyingi kwa uzito mdogo, tena umeketi. Na mkunjo wenyewe si mkubwa. Ungeniambia hivi tangu mwanzo." Akakaa. "Siwezi kukuahidi kwamba utashona. Kifundo kilichokaa miaka bila kukunja vizuri, nyama zake hukaza. Nitajaribu. Lakini gunia usibebe, na miti usipande."

Nilimwambia miti nimeiacha. Kuhusu gunia, Kendi alisema mama yake ameshajibu.

Hospitalini na kitandani Dallas

Sitawachosha na upasuaji, kwa sababu sikuuona. Walinidunga sindano mgongoni, miguu ikafa ganzi, nikasikia sauti za vyuma kama za karakana ya Njeru, nikasinzia. Nilipoamka mguu ulikuwa kwenye plasta, mweupe, mnene, na Mzee Nyaga amekaa kando ya kitanda na chupa ya supu. Alisema hata kama hufika tumboni, tumbo nalo ni la mgonjwa.

Nilirudi Dallas na magongo, nikaambiwa nisikanyage chini hadi niruhusiwe. Hapo ndipo nilipomjua Njeru. Miaka yote nilikuwa nimemwona kijana aliyemchukua Kendi. Kumbe ni mtu wa kuamka mapema kunichemshia uji wa wimbi kabla ya kwenda kazini, tena ananyamaza kama anaiba. Siku moja nilimwambia angeweza kuniita jina la heshima lolote isipokuwa "mgonjwa". Akasema amekuwa akiniita "Baba" moyoni tangu mbuzi. Nilijifanya natafuta gongo.

Plasta ilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kuandika herufi hewani kwa kidole kikubwa cha mguu, A hadi mwisho. Siku za kwanza A yangu ilikuwa kijistari tu, na nilitoa jasho kama mtu anayevuta gogo. Mama Wawira alikuja kutazama, akasema mwandiko wake wa mkono si bora kuliko huo. Polepole kifundo kikaanza kutii. Nikaanza kuandika majina. Nilipoweza kuandika "Githongo" bila kusimama njiani, Daktari Wanja alisema nikanyage, na nikakanyaga, na hakikuuma. Kilihisi kigeni tu, kama kiatu kipya.

Kanyagio lilikuwa chini ya kitanda muda wote huo. Mara nyingi nilitaka kulijaribu. Sikulijaribu. Bila cherehani ni chuma tu, na niliogopa jibu. Nikimwuliza daktari kama nitashona, alinijibu hivyo hivyo kila mara: "Nitajua siku utakayojua wewe."

Kurudi

Mutwiri alinichukua, na ndiyo, alisimamisha gari kwa kila mtu. Kizuizi cha polisi hakikuwepo. Pale mlimani Nithi gari halikuchemka, nikasikitika kidogo, nilitaka yule mwalimu mstaafu aone kwamba mvua ilikuwa inanyesha na mimi niko hai.

Nyumbani nilikuta ndama jike na watu wengi. Walitaka nitembee, nikatembea. Walitaka nipande ngazi ya kanisa, nikapanda. Walinipigia makofi, mchungaji akatoa sala ndefu, chai ikanywewa. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu cherehani, nami sikuitaja. Mama Kendi peke yake ndiye aliyenitazama kwa namna fulani, na hata yeye hakusema.

Nilingoja hadi siku isiyo ya soko. Nilifungua kibanda, nikalifunga kanyagio mahali pake, nikatia mafuta. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa na kulikuwa na kaptura ya kaki iliyokatwa tangu kabla sijaondoka, ya mtoto ambaye bila shaka alikuwa ameshakua. Niliiweka chini ya sindano. Nikaweka mguu wa kulia. Nikakaa hivyo kitambo, nikiomba kama ninavyoomba mara chache.

Nikakanyaga.

Mwanzoni ilienda kwa shida, gurudumu likarudi nyuma uzi ukakatika. Nikatunga uzi tena. Mara ya pili likazunguka, likazunguka tena, na nikainama juu ya mshono. Upande wa kwanza ulinyooka. Nikageuza. Kitambaa kilikuwa kigumu kwenye mapindo, nikawa nakivuta kidogo kidogo, nikiwaza kama nipanue kiuno kwa sababu ya ukuaji wa mtoto, na kama vifungo nilivyo navyo vitatosha, na kama Mama Kendi amekumbuka kumpa ndama maji.

Sikumsikia akiingia. Alikuwa na chai kwenye kikombe changu kilichomeguka mdomo. Alisimama nyuma yangu, sijui kwa muda gani.

"Baba Kendi," akasema, "mguu unasemaje?"

Nilikuwa nimeshika pini mdomoni, macho kwenye pindo.

"Mguu gani?" nikauliza.

Nilipogeuka, Mama Kendi, ambaye hakulia nilipoanguka kutoka mtini, wala nilipoondoka na gunia, wala aliposikia nimetoka kwenye upasuaji salama, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, chai inamwagikia leso yake, analia.